Kompyuta Iliyofunikwa Saa Saba

Jirani yake Tausi huapa kwamba kompyuta ya kiwandani kwao, Thika, hujipigia kopi ya kazi yote kila saa saba mchana, wenyewe wakiwa wanakula. Tausi alidhani ni chumvi tu, mpaka asubuhi moja alipowasikia abiria wawili mbele yake, basi likielekea Ruiru.

Mama mmoja mpiga taipu alikuwa akifuma kitambaa. "Hizo kopi za saa saba ni uongo wenu watu wa kompyuta," alimwambia kijana fundi wa kompyuta, aliyepakata mkoba wa bisibisi. "Jana mashine yangu imekufa na kazi ya mwanafunzi wa watu, kurasa zote. Nikitafuta kopi, hakuna hata moja. Na leo anakuja kuichukua!"

"Woi, pole mathe. Saa saba wewe huwa wapi?"

"Lunch. Lakini naizima kwanza, naifunika na kitambaa vizuri, vumbi isiingie."

Kijana akashika kichwa. "Sasa itapigaje kopi na umeilaza?"

"Si mnasema inajipigia yenyewe?"

"Yenyewe, lakini ikiwa macho!"

Mama alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Tausi naye alificha kicheko kwenye leso, maana kitambaa kilichokuwa kikifumwa kilikuwa cha kipimo cha printa barabara; sasa nayo ingefunikwa.

Basi likasimama Ruiru. Mama akainuka, kicheko kimemwisha. "Haki shuka na mimi, umwambie huyo mwanafunzi kazi yake imepotea. Wewe atakuelewa."

Kijana, aliyekuwa akienda mbele zaidi, Kahawa Wendani, alikumbatia mkoba wake kitini. Kondakta akagonga bodi ya basi, liondoke.