Mikono ya Shemasi Tackett

Benchi la mbele ya duka la vyakula vya mifugo lilikuwa zamani kiti cha basi la shule, na lilikuwa limebonyea katikati kama godoro la nyumba yenye watoto wengi. Kila Jumamosi asubuhi wazee watatu walibonyea nalo, vikombe vya kahawa mkononi, malori ya ngano yakipita na kuwapaka vumbi jekundu la Oklahoma. Kushoto alikaa Sajini, ambaye jeshini alikuwa mpishi na cheo hicho alijipandisha mwenyewe baada ya kustaafu. Kulia alikaa Wembe, kinyozi aliyeacha kazi macho yalipoanza kumwonyesha masikio manne kwenye kichwa kimoja. Katikati, palipobonyea zaidi, alikaa Orval Tackett, ambaye mji mzima ulimwita Shemasi. Jumamosi ile alikuwa amevaa koti la kanisani juu ya suruali ya kazi, mkoba wa bastola kwapani, na ndani ya mkoba bastola ya mbao aliyochongewa na Wembe na kutiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, ili uzito ulingane na ile ya kweli aliyoifungia nyumbani.

— Bado inakubana? — aliuliza Wembe.

— Inanibana, inanikaba, inaninyonga. Mkanda umeniingia shingoni kama kamba ya ndama.

— Wahenga walishasema, — alisema Sajini. — Kikulacho ki nguoni mwako.

— Methali hiyo haihusu mikoba ya bastola, we mzee, — alisema Wembe.

— Imo nguoni, inamla. Ulitaka ihusu nini tena?

Shemasi hakucheka. Miaka ishirini na sita alikuwa askari wa wilaya, bastola kiunoni, hajui maumivu. Kisha madaktari wakamwekea nyonga ya chuma, na tangu hapo mkanda wa kiunoni wenye uzito ukawa mateso. Mchungaji alipomwomba asimame mlangoni siku za ibada, kwa kuwa kanisa la wilaya jirani lilikuwa limevamiwa, alikubali haraka kabla hajafikiri. Akaulizwa, utaweza, na nyonga hiyo? Akajibu kwa kiburi: mikoba ya begani ninaijua kama viganja vyangu. Ulikuwa uongo. Hakuwahi kuvaa hata mmoja.

Na kanisa la Shemasi ni la kunyanyua mikono. Jumapili ya kwanza, sauti za kwaya zilipopanda, naye akapandisha mikono yake kama alivyozoea tangu ujana, mkanda ukamkaba, mkoba ukachomoza, koti likafunguka, na mjane mmoja wa safu ya nyuma akaona kitako cha bastola na kukaa chini bila kupanga. Tangu siku ile Jumapili saba zimepita, na Shemasi amesimama mlangoni mikono chini kama mti uliokauka.

— Na kesho ndiyo kesho, — alisema Wembe.

— Kesho Royce anabatizwa, — alisema Shemasi.

Hao wawili walijua. Royce, mwanawe wa pekee, alipotea miaka kumi na moja katika ulevi na barabara. Usiku mmoja wa miaka hiyo Shemasi alimwekea Mungu nadhiri: siku mtoto huyu akiingia majini, nitanyanyua mikono yote miwili, na sitaishusha mpaka atoke.

— Mpe mwingine zamu, — alisema Sajini.

— Tupo wawili tu. Mwenzangu ameanguka kwenye ngazi, mguu umefungwa plasta.

— Basi fanya kama sisi Wabaptisti. Sisi mikono yetu hukaa mfukoni, na Mungu anatuona vilevile.

— Anawaona, lakini hana hakika kama mpo macho.

Wembe akacheka mpaka kahawa ikampitia puani. Alipopona alivuta mkanda wa mgongoni mwa Shemasi kama anayefunga mzigo.

— Dawa ni kukaza. Kinachocheza ndicho kinachochomoza. Kaza tundu moja.

— Tumeshakaza mawili!

— La tatu ndilo lenye bahati.

— Acha ushamba, Wembe, — alisema Sajini. — Hapa tatizo ni mizani. Upande mmoja chuma, upande mwingine hakuna kitu. Mkono mtupu haulambwi.

— Ndiyo kusema nini?

— Kusema kwapa la pili nalo liwekewe kitu. Kopo la maharage.

— Shemasi wa Mungu aingie ibadani na maharage kwapani?

— Au bastola ya pili. Akinyanyua mikono zinapanda sawasawa, hakuna anayegundua.

— Kila mtu anagundua! — alipiga kelele Shemasi.

— Basi ining'inizwe mgongoni, mdomo chini, kama podo la mishale. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ninainamaje na nyonga ya chuma?

— Sasa wewe hutaki kusaidiwa. Ishonee kofiani.

— Kofia huvuliwa kanisani, Sajini.

Sajini akafikiri. Ilionekana kwamba Wabaptisti nao huvua.

Shemasi akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la mikate, ambako mkewe Wynelle alikuwa amekwenda kuchukua mikate ya tufaha kwa ajili ya kesho. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mkanda. Wynelle aliona mikono yake imeshuka, akadhani moto wake umezimika, akaanza kufunga kila Jumatano kumwombea. Naye Shemasi alimwacha afunge. Alimtazama mkewe akiacha chakula mezani, akanyamaza, kwa sababu kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba hajui kuvaa kitu alichojisifu anakijua. Ee Bwana, alisema moyoni, mimi ni mtu mpumbavu.

— Tundu la nne, — alisema Wembe, akivuta.

— Samahani, wazee wangu.

Mwanamke aliyetoka dukani na kuwasikia alikuwa amesimama mbele yao na gunia la shayiri begani kama mto wa kulalia. Walimtambua: Twyla Harjo, fundi wa matandiko ya farasi, aliyefungua karakana nyuma ya posta wiki mbili zilizopita.

— Huyu baba, huo mkoba akiuvaa kesho, atakuwa amekaa au amesimama?

Sajini alichungulia ndani ya kikombe chake. Wembe alifuta miwani ambayo haikuwa chafu.

— Nimesimama, — alisema Shemasi mwishowe. — Saa mbili nzima.

— Na mikono?

— Juu, Mungu akinijalia.

— Sasa mbona mnampima akiwa amekaa shimoni?

Akatua gunia.

— Nyanyuka, baba. Hakuna fundi anayepima tandiko farasi akiwa amelala.

Walimnyanyua wawili, kila mmoja kwapa lake. Twyla akamzunguka kimya. Alilegeza matundu yote waliyokaza, moja moja, na kwa kila moja Wembe akaguna kama anayenyolewa bila maji. Kile kipande cha ngozi ambapo mikanda hukutana, kilichokuwa kimepanda shingoni, akakishusha mpaka katikati ya mabega. Akatoa mfukoni kamba mbili nyembamba za ngozi, akaufunga mkoba kwenye mkanda wa suruali pande zote mbili.

— Hizi hazibebi uzito, nyonga yako haitajua. Kazi yake ni kuukataza usipande. Upande huu mwepesi tia kitu kidogo.

— Maharage, — alisema Sajini kwa matumaini.

— Agano Jipya langu, — alisema Shemasi, akalitia mfuko wa koti wa upande ule.

— Funga kifungo cha koti. Sasa nyanyua.

Shemasi aliogopa. Alipandisha mikono mpaka kifuani, akangoja kukabwa. Akapandisha mpaka mabegani. Akafumba macho, akapandisha yote, viwiko vikanyooka, vidole vikafunguka. Mkanda ulikaa. Koti lilikaa. Upepo wa asubuhi ukampita viganjani kwa mara ya kwanza baada ya Jumapili saba, na machozi yakamtoka bila kuombwa.

— Orval! — Wynelle alikuwa katikati ya barabara, mikate mikononi, uso umebadilika. — Orval, nani anakuibia?

— Hakuna anayeniibia, mke wangu. Namsifu Bwana.

— Mbele ya duka la mifugo?

— Moto haukuzimika, Wynelle. Ulikuwa mkanda. Mkanda, na kiburi, kiburi zaidi. Nilisema najua, sikujua, nikakuacha ufunge kwa ajili yangu. Nisamehe.

Wynelle alimtazama mumewe, kisha wazee, kisha fundi.

— Jumatano sita nimelala na njaa kwa sababu ya mkanda?

— Maombi hayapotei, dada, — alisema Sajini. — Sisi tulishindwa, akaletwa fundi.

— Nyamaza, Sajini. Orval, shusha mikono, watu wanatazama.

— Sishushi. Najizoeza kwa ajili ya Royce.

Aliposikia jina la mwanawe, Wynelle aliweka mikate kwenye benchi, pale pale palipobonyea, akasimama kando ya mumewe na kunyanyua yake. Lori la ngano likapunguza mwendo. Dereva akaona wazee wawili mikono juu, akatazama kulia na kushoto akimtafuta mwizi, naye kwa tahadhari akaachia usukani na kunyanyua yake.

Sajini alinyanyua kikombe chake, ambacho kahawa ilikuwa imekwisha zamani, mpaka usawa wa bega. Kwa Mbaptisti, ilikuwa mbali sana.