Mama Chomoa, Mmwagiliaji wa Nondo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi umeme wa hospitali yetu, Mama Chomoa, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba. Nafasi yake nayo inastaafu siku hiyohiyo. Uongozi umeona kwamba kwa miaka mingi hakuna mashine iliyoungua katika wodi ya watoto njiti, ukahitimisha, kwa busara zake, kwamba fundi wa kuzuia mashine zisiungue hana kazi.

Jina hilo tulimpa sisi wauguzi. Wingu likijikunja tu, utamsikia koridoni akihimiza watu wachomoe birika, wachomoe redio, wachomoe chaja za simu. Tulimteta kwamba huyu akifika mbinguni atachomoa hata taa za malaika. Midomo yetu hii!

Kwa wasiojua alichokuwa akifanya, na baadhi yao wana ofisi zenye zulia, nieleze kiuguzi. Ubongo wa mashine ya kumpa njiti joto unaishi kwa volti tano. Radi ikipiga nguzo ya barabarani, waya huleta maelfu. Ni sawa na kumnywesha mtoto mchanga kwa mpira wa zimamoto. Kwa hiyo Mama Chomoa alifunga, kati ya ukuta na kila mashine, kijisanduku chenye taa ya kijani. Umeme ukifurika, kijisanduku huupeleka ardhini kupitia nondo ya shaba iliyochimbiwa nyuma ya chumba cha dobi, na mara nyingi chenyewe hufia hapohapo kazini. Taa ikizimika, kinafungwa kingine.

Nondo hiyo aliimwagilia maji kila kiangazi, kwa sababu udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Mtunza bustani alinuna: maua yanakufa kwa kiu, chuma kinanyweshwa! Wengine walimuuliza itazaa lini. Akawajibu kwamba imeshazaa, waende wodini wakahesabu.

Kisha tukatarajia wageni wakubwa. Katibu wa hospitali akaamuru ua wote utandazwe vitofali, na nondo ikang'olewa kwa kosa la kusimama bila kazi. Mama Chomoa alipoona hivyo hakuomba ruhusa kwa mtu. Alishika sururu, akavunja vitofali ambavyo saruji yake haijakauka, akairudisha nondo mahali pake. Alipewa barua ya onyo kwa uharibifu wa mali. Aliisoma, akaikunja, akaenda kujaza ndoo.

Wiki hiyohiyo, alasiri, radi ilipiga. Nilikuwa zamu. Taa za kijani zilizimika zote kwa mpigo mmoja, nikajua tumekwisha. Lakini mashine ziliendelea kunguruma, na watoto wakaendelea kulala. Mmoja tu alipiga chafya. Nililia kama mjinga. Ofisini kwa Katibu, ambako kijisanduku kilikataliwa kwa kuwa kinaharibu sura ya chumba, televisheni ilifuka moshi. Ilinunuliwa nyingine, kubwa zaidi. Onyo halikufutwa.

Mwezi huu wauguzi wote wa wodi tulimwendea Katibu, tukamsihi aajiri fundi mwingine. Alitusikiliza kwa upole, kisha akatuambia tumpelekee japo mashine moja iliyoungua, ndipo ataliona tatizo.

Basi wiki nzima mama amekuwa akinifundisha mimi, ambaye umeme naujua kwa kuwasha na kuzima. Sasa naweza kubadili kijisanduku bila kufumba macho. Vya akiba vimebaki viwili. Naogopa, na sioni haya kusema.

Mama, ahsante sana. Kuna watoto wanaokimbizana shuleni leo ambao hawatakujua kamwe, na mama zao wanadhani ni sisi peke yetu tuliowaokoa. Nenda ukanyooshe miguu. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa, pamoja na wajukuu watundu wa kukuchekesha. Na sisi tuliobaki, wakulima watusamehe: tunaomba mvua zichelewe.