Jina Chini ya Picha

Mulama aliendesha tuktuk yake kuelekea jumba la sanaa la Busia bila kusema neno, maana abiria wake wawili hawakumwachia nafasi. Hawakujuana, lakini walikuwa wakibishana tangu sokoni.

"Mzee, ile picha kubwa kwenye bango la maonyesho ya msimu huu ni mimi," alisema Roselida, muuza mayai. "Leso ni yangu, trei ni zangu. Lakini chini wameandika Ziada! Binti yangu ameniuliza, mama, huyu Ziada amevaa leso yako ni nani?"

"Si uwaambie wabadilishe?" alisema Hussein, mwenye duka.

"Jina nilimpa mchoraji mimi mwenyewe. Mtu simjui, amesimama mbele ya mayai yangu ya Uganda yaliyopita mpakani bila ushuru, anaangalia, anaandika, halafu ananiuliza jina. Wewe ungesema ukweli? Nilijua ni kanjo, askari wa kaunti."

"Kumbe uliwadanganya."

"Nilijikinga. Kudanganya ni kitu kingine."

Mulama, ambaye ana jina moja la nyumbani na lingine la askari wa trafiki, aliona hapo mama amesema.

"Leo wanafungua maonyesho. Nitasimama mbele ya wageni wote niseme, mimi ni Roselida."

"Na wakikuuliza mayai yalipitia wapi?"

Tuktuk ilisimama getini. Askari mwenye sare akainama, akachungulia ndani.

"Jina lako, mama?"

"Ziada," alisema Roselida.