Vibati Kumi na Viwili vya Mpira

Benchi limeegemea nyumba ya Soli, chini kabisa ya dirisha la jiko, na mguu wake mmoja umewekewa kisigino cha kiatu ili lisiyumbe. Soli ni fundi viatu, lakini Alhamisi hiyo alikaa hapo na aproni ya maua ya mkewe, unga hadi kwenye nyusi, roho juu. Kosa lilikuwa lake. Wiki iliyopita alikuta kabatini vikombe kumi na viwili vya silikoni, laini, vya rangi rangi, akaona riziki imemfuata nyumbani: gundi haishiki humo, ikikauka unaibandua tu. Akavipeleka kibandani, akakorogea gundi ya kubandikia soli za viatu. Kumbe ni vibati vya kuokea keki vya mkewe! Mama wa watu alipoviona hakugombana, alinuna tu. Tangu Jumatatu hajamsemesha. Sasa Soli amenunua vipya, amekoroga keki kwa mkono wake, ametia kwenye oveni, kisha akatoka nje kwa sababu moyo ulikataa kutazama.

— Mpira ni mpira, alisema Dereva aliyekaa kando yake, aliyeendesha lori miaka ishirini na hakuna jambo duniani asilolipima kwa tairi. Ukishika moto, kwisha habari.

— Boksi limeandika vinavumilia oveni, alisema Soli.

— Boksi lenyewe linaingia kwenye oveni? Si linabaki nje linapunga upepo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Vibati vina miguu? aliuliza Mama Kahawa, akiwamiminia kahawa anayouza hapo. Dada yangu anavyo mwaka wa tano huu. Anaoka, anaosha, anaoka tena.

Lakini kijiweni nani anamsikiliza mtu mwenye ushahidi? Walimgeukia Daktari, ambaye hajatibu hata kuku. Jina alilipata kwa kupanga chumba jirani na zahanati.

— Tatizo si kuyeyuka, alisema Daktari. Tatizo ni kudunda. Mpira ukipata joto unahamia kwenye keki. Shemeji akiangusha moja, itadunda mpaka kwa jirani.

— Tobaa! alisema Soli.

— Na vikigusana, aliongeza Dereva, vinaungana. Atakuta keki moja, ina tundu katikati, saizi ya tairi la spea.

— Hilo dogo, alisema Daktari. Mpira una kumbukumbu. Ukiukunja, si unarudi ulivyokuwa? Sasa ule keki leo, kesho ikumbuke ilikotoka, irudi kuwa unga mbichi humohumo tumboni! Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni nani hapo? aliuliza Mama Kahawa.

— Silikoni.

Soli hakucheka. Aliweka kikombe chini.

— Nyinyi mnatania, alisema. Nyumba imekuwa kimya, jamani. Anaongea na paka: "Mwambie mwenye nyumba chakula kiko mezani." Jana kijiko kimeanguka, nikafurahi kusikia sauti. Zikiharibika keki hizi, sina tena la kumwambia.

Mama Kahawa akamsogezea kashata, maana wote walimpenda. Kisha Dereva akaona huzuni ni hasara, akaanza habari za lori lililobeba magodoro, likapita jua kali na magodoro yakafika yamegeuka sponji za kuoshea vyombo. Daktari akabisha. Kahawa ikaongezwa. Wakabishana hadi kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni.

Hakuna aliyemwona mke wa Soli akija na mkoba wake wa kazini. Alisimama mbele ya benchi, akatazama aproni, akatazama unga kwenye nyusi. Akanusa kuelekea dirishani.

— Sasa nani anaangalia oveni?

Dereva akamtazama Daktari. Daktari akatazama ndani ya kikombe chake. Soli akasimama taratibu, macho yamemtoka.

— Umenisemesha!

— Nimekuuliza.

— Umeniuliza mimi! Paka hayupo hapa!

Mwanamke alibana mdomo, lakini cheko lilimshinda.

— Baba wee, keki!

Soli alikimbia na kiatu kimoja. Alipofungua oveni, vibati vyote kumi na viwili vilikuwa wima kwenye trei, vizima, na juu ya kila kimoja keki nyeusi ti. Akataka kuzing'oa.

— Usivute! Acha vipoe, alisema mkewe nyuma yake. Halafu unasukuma kwa chini, hivi. Juu tutakata. Na gundi ile, hivi ulifikiri nini? Kabati ni langu, vibati vyangu, huulizi! Halafu...

— Soli! Dereva aliita dirishani. Vimeyeyuka?

Soli alimpungia mkono aondoke. Alikuwa anasemwa, kuanzia Jumatatu, siku moja baada ya nyingine, na hakutaka neno hata moja limpite.