Idrisi Mbarak na Bomba la Kanja

Tarehe 31 Desemba 1963, Bwana Idrisi Mbarak, fundi wa bomba, anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya maji miaka thelathini na miwili, Meru na Embu. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Mtoto huyu wa mchinjaji wa Meru mjini alijifunza hesabu za maji katika vitabu vilivyotupwa na wakubwa. Tulimcheka alipodondosha wino kwenye mrija wa kioo ili aone kama maji yanakwenda taratibu au yanavurugika. Alipojaribu hivyo na chai, mkewe Rahema alimfukuza jikoni.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa Kanja, huku Embu, walihamishwa kwa nguvu, wakafungiwa katika kijiji kimoja chenye handaki na walinzi. Kwenda mtoni waliruhusiwa saa moja tu kwa siku. Mhandisi wa idara akaamuru bomba la inchi mbili la kuleta maji kijijini. Idrisi alizidisha kasi ya maji kwa upana wa bomba, akagawanya kwa mnato wa maji, akapata elfu thelathini. Namba hiyo ikipita elfu nne, maji huvurugika, na katika bomba jembamba hupoteza nguvu njiani.

"Bwana, umepiga hesabu ya maji yaliyotulia," alimwambia. "Haya hayatafika. Weka inchi nne."

"Chimba!" akajibiwa.

Maji hayakufika. Mhandisi akadai bomba limetobolewa makusudi, na kibarua mwenzetu Kivuti akakamatwa. Mkewe Mukami, mjamzito, aliendelea kubeba debe huku mlinzi akimsukuma kwa kitako cha bunduki. Niliyaona kwa macho yangu.

Idrisi akaenda mwenyewe kwa D.O., mkuu wa tarafa, na karatasi yake ya hesabu. "Fukueni bomba lote. Mkipata tundu moja, nifungeni mimi."

Lilifukuliwa. Tundu halikuonekana. Kivuti aliachiliwa baada ya wiki tano, mbavu mbili zimevunjika, na hakuna aliyemwomba radhi. Mwaka uliofuata likalazwa bomba la inchi nne, maji yakafika, mhandisi akapongezwa. Idrisi alivuliwa ufundi, akachimba mitaro ya vyoo mpaka 1960. Faili lake linasema kosa lilikuwa "ujeuri". Nimelisoma wiki hii, bado linasema hivyo.

Wakubwa wapya, lifuteni neno hilo kabla hamjapanda jukwaani kumsifu.

Bwana Idrisi, ulijua watakuumiza, na bado ulisema. Asante kwa niaba ya Kivuti, aliye hai. Wewe na Mama Rahema mpumzike kwa afya na amani.

Kathuri, karakana ya Embu