Chupa ya Maji ya Kisima cha Hiriyafushi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Balozi, msemaji wa taifa letu katika mikutano ya dunia ya tabianchi. Mkuu wa kisiwa. Wazee na kina mama: asalaam alaykum.

UKARIBISHO
Sisi wakazi wa Hiriyafushi, watu mia nne na kumi na wawili, tunakukaribisha. Tumekuona mara nyingi kwenye televisheni ukitusemea. Leo tumefurahi kukuona ukikanyaga mchanga wetu.

HISTORIA FUPI
Miaka sita iliyopita bahari iliingia kisimani kwetu, maji yakawa chumvi. Wewe ndiye uliyetambua thamani yake. Kila mwaka, kabla ya mkutano, ofisi yako humtuma Bwana Shiyam kuchukua chupa moja, nawe huiinua mbele ya mataifa, ukapiga funda na kusema, "Haya ndiyo wanayokunywa watu wangu."

MAFANIKIO
Chupa yetu imefika miji sita ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Wakubwa wa dunia wamenyamaza kumsikiliza mtu wa taifa dogo. Tunaambiwa mjumbe mmoja alitoa leso akafuta machozi. Mtambo wa kusafisha maji uliopatikana kwa leso ile umefika mji mkuu, Male, salama, na unatunzwa vizuri bandarini. Tulielezwa kwamba mtambo ukifungwa hapa mapema, taifa litapoteza ushahidi. Tulielewa. Diplomasia inataka subira.

CHANGAMOTO
Mwaka huu Bwana Shiyam alimkuta Bi Dhaleyka, mtunza kisima, akifua.

"Bibi, nijazie chupa ya Mheshimiwa."

"Ya kuonyesha tu, au atakunywa?"

"Atakunywa, mbele ya dunia nzima!"

"Nimpe mgeni maji ya chumvi? Wewe kijana, ulilelewa wapi?"

Bwana Shiyam alicheka, akaenda kula chapati na jodari. Bi Dhaleyka hakucheka. Alifungua tangi lake la mvua, lililobakiwa na madumu mawili, akaijaza chupa. Mheshimiwa, kwetu mgeni hanyweshwi chumvi, hata nyumba ikiungua.

Yaliyofuata unayajua kuliko sisi. Tulikuona ukinywa, ukakunja uso kwa uchungu. Tunakushukuru kwa juhudi hiyo. Kisha mjumbe aliyeketi jirani yako akaomba naye aonje. "Mbona matamu?" akauliza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sasa ofisi yako imetuandikia kwamba Bi Dhaleyka aombe radhi leo mbele yako, la sivyo mtambo utapelekwa kisiwa kingine.

MAOMBI
Tulimsihi. Alitujibu, "Nimemkosea nini? Nilimgawia katika maji yangu ya wiki nzima." Tulikaa kikao siku mbili tukitafuta jibu, hatukulipata. Kwa hiyo radhi haipo katika risala hii. Tunaomba mtambo.

Tuna ombi jingine dogo. Jagi lililo mbele yako ni la maji ya mvua, la mwisho kisiwani, nasi tumekutilia wewe. Kisima kiko hatua thelathini nyuma ya kiti chako, na ndoo ipo. Mila inatukataza sisi kukuchotea. Wewe haikukatazi kujichotea.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama, atuletee mvua mapema, wala koo lako lisikauke mbele ya mataifa.

Ni sisi wenye kisima,
Wakazi wa Hiriyafushi.