Nilisingizia Mursik

Ndugu zangu, nimesimama! Yule mzee mliyemwombea hapa hapa kanisani akiwa amebebwa, leo amekuja kwa miguu yake, mpaka viatu vimejaa tope la Ndanai. Pigeni makofi kwanza, halafu nianze.

Mkojo wangu uligeuka rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa. Si mnatujua sisi wazee? Nikasema ni mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu chenye masizi. Mama watoto alikuwa amebadilisha mti wa mkaa wa kusugulia kibuyu, basi nikamwambia, "Masizi yako ndiyo yanapita ndani yangu!" Mkojo ukawa mwekundu kabisa, bila uchungu wowote, na mimi bado nabishana na kibuyu. Nikaacha mursik. Damu ikaendelea.

Mama watoto akaniuliza, "Sasa utasingizia nini, baba? Twende hospitali."

Huko wakaingiza kamera kwenye kibofu, wakakuta uvimbe, wakakata kipande wakapime. Kansa. Nawaambia ukweli, nililia pale kwenye benchi. Daktari, msichana wa umri wa binti yangu, akanieleza pole pole: "Mzee, maabara imeona kansa imeingia kwenye msuli wa kibofu. Tena tumepima alama za kibiolojia, yaani protini zinazoonyesha tabia ya seli. Hizi zako zinasema kansa yako ina haraka. Alama peke yake haziamui, lakini ukiziweka pamoja na huo msuli, tusingoje. Ila kwa picha tulizopiga, haijatoka nje ya kibofu. Tukikitoa sasa, unaweza kupona."

Haijatoka! Ndugu zangu, neno hilo nililishika kwa mikono miwili. Nikasema, toeni! Wakanipa dawa za kansa kwanza, nywele zikaenda, kisha wakanipasua. Leo mkojo unaingia kwa mfuko huu hapa tumboni. Msiogope, hauumi! Na juzi vipimo vimerudi safi. Safi kabisa!

Asanteni mliokamua ng'ombe wangu bila kuitwa. Asante daktari, popote ulipo. Na nyinyi wazee wenzangu, ukiona damu kwa mkojo hata mara moja, hata kama huna uchungu, usitafute sababu jikoni. Nenda upimwe.

Mama watoto, simama wakuone. Mbele ya kanisa lote nasema kibuyu chako hakikuwa na makosa. Nimekitamani miezi hii yote. Najua umekibeba, kiko ndani ya hicho kikapu. Lete, mama, ninywe watu wakiona.